Kozi ya mtihani, kozi ya kitaaluma au kujisomea: Kiingereza cha chuo ukipate kwa njia ipi?

Insha yangu ya kwanza chuoni ilirudi na wino mwekundu kidogo kuliko nilivyotarajia. Sarufi haikuguswa sana. Ila kwenye pambizo, kando ya sentensi niliyoiona tamu kuliko zote, mhadhiri alikuwa ameandika maneno mawili: "Says who?" Nani kasema? Aya ya pili, tena: "Says who?" Nilihesabu mara saba. Na wakati huo nilikuwa na cheti cha mtihani wa Kiingereza chenye alama iliyozidi kidogo ile iliyoombwa na chuo, nimekitia kwenye bahasha ya plastiki kama cheti cha kuzaliwa.

Mdogo wangu alipopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili, swali lake la kwanza lilikuwa, "Dada, nijiandikishe kozi ipi ya mtihani?" Nikamwambia swali hilo linakuja la pili. Kozi ya mtihani, kozi ya Kiingereza cha kitaaluma, kujisomea peke yako, na msaada wa uandishi unaoupata ukiwa tayari chuoni ni dawa nne za maradhi manne. Tukakaa tukaziweka moja kando ya nyingine. Haya ndiyo tuliyoyaona, nikiongeza na niliyojifunza kwa kuchelewa.

Kozi ya mtihani inatoa nini

Mitihani inayotajwa zaidi ni miwili. TOEFL ilianza kufanywa mwaka 1964, na IELTS kwa sura tunayoijua ilianza 1989. IELTS ina matawi mawili, Academic na General Training, na anayekwenda chuoni anahitaji lile la kwanza. Hili soma mara mbili kabla ya kulipa, maana jina la pili linavutia kwa urahisi wake. Alama zake huanzia 0 hadi 9, kwa nusu nusu. Vyuo vingi huomba kati ya 6.0 na 7.0, na fani kama sheria na tiba mara nyingi huomba zaidi. Matokeo ya mitihani yote miwili huhesabiwa kuwa hai kwa miaka 2, kwa hiyo kuufanya mapema mno nako kuna hasara yake.

Kinachouzwa na kozi ya mtihani ni kasi na kuuzoea mtihani wenyewe. Kwenye IELTS Academic una maswali 40 ya kusoma kwa dakika 60, kutoka vifungu vitatu. Kwenye kusikiliza una mengine 40, na sauti inapigwa mara moja tu. Kuandika ni saa moja kwa kazi mbili: ya kwanza maneno 150 ya kueleza chati, jedwali au mchoro, ya pili maneno 250 ya kujenga hoja. Kuzungumza ni dakika 11 hadi 14. Mtu mwenye Kiingereza kizuri anaweza kuanguka hapa kwa sababu ya kukaa dakika 30 kwenye ile chati, na kozi ya wiki chache itamtoa kwenye tabia hiyo. Kwa kazi hiyo siidharau hata kidogo.

Shida iko kwenye maneno 250 yale. Maelekezo ya mtihani yanakutaka utoe mifano kutoka kwenye unayoyajua au uliyoyapitia mwenyewe. Chukua swali kama hili: je, kusoma mtandaoni kunaweza kuchukua nafasi ya darasa? Kwenye mtihani utaanza kwa kusema teknolojia imebadilisha maisha, utatoa upande mmoja, kisha upande wa pili, utamtaja binamu yako aliyesomea uhasibu kwa simu, utafunga kwa maoni yako. Maneno 260, dakika 40, sarufi imetulia, umefaulu.

Swali hilohilo chuoni halina binamu ndani yake. Kwanza utatakiwa useme "kuchukua nafasi" maana yake nini: kufaulu sawasawa, au kutoacha masomo katikati? Wanafunzi gani hasa, wanaotoka sekondari au watu wazima walio kazini? Kisha uonyeshe kwamba umesoma makala, tuseme nane, kwamba mbili kati yake zinapingana, na kwamba unajua kisa cha kupingana kwao: labda moja ilipima watu waliochagua wenyewe kusoma mtandaoni, na nyingine iliwagawa kwa bahati nasibu. Maoni yako yapo, hayajafutwa. Ila yanaonekana katika namna unavyowapanga wasemaji: nani atangulie, nani ajibiwe, nani aachwe pembeni. Zile "Says who?" saba zilikuwa zinaniambia nimepanda jukwaani peke yangu wakati nilialikwa kuendesha mjadala.

TOEFL ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2005 ilisogea karibu kidogo na chuo, kwa sababu kwa miaka mingi ilikuwa na zoezi la kusoma kifungu, kusikiliza mhadhara mfupi unaokipinga, kisha kuandika jinsi viwili hivyo vinavyohusiana. Mtihani huo umebadilishwa muundo zaidi ya mara moja, kwa hiyo usijiandae kwa kitabu cha kuazima chenye umri wa miaka kumi. Hata hivyo, mwenye kuchagua kati ya mitihani hii miwili achague ule ambao chuo chake kinaukubali na ambao tarehe zake zinamfaa. Mabishano ya upi ni rahisi hayana mwisho wala faida.

Kozi ya kitaaluma: ndefu, nzito, na si zote za kweli

Vyuo vingi vyenye wanafunzi wa kigeni huendesha kozi ya Kiingereza cha kitaaluma kabla ya muhula kuanza. Hudumu wiki chache hadi miezi kadhaa, kutegemea umepungukiwa kiasi gani na alama inayotakiwa. Pia zipo kozi za namna hiyo nje ya vyuo. Hapa hufundishwi tena wakati uliopita na wakati ujao. Unafundishwa kuandika kutokana na maandishi ya wengine bila kuyaiba.

Jambo linaloonekana dogo lakini linalokula muda mwingi kuliko yote ni kusema kwa maneno yako yale aliyosema mwingine. Tuseme umekutana na sentensi hii: "Students who receive regular feedback tend to revise more deeply." Mwanafunzi mpya atafungua kamusi ya visawe na kuandika: "Learners who get frequent feedback usually revise more profoundly." Ameona amemaliza. Kumbe amebadilisha nguo tu, mifupa ni ileile: mtenda yuleyule, mpangilio uleule, na hata mpigo uleule. Vyuo vingi vitaihesabu hiyo kuwa wizi wa maandishi, hata kama jina la mwandishi limetajwa. Mwalimu mzuri atakwambia funika kitabu, nyamaza kidogo, halafu sema wazo lenyewe kwa mtu. Ukilirudisha kwenye karatasi litakuja hivi: "How deeply writers revise appears to depend on how often their drafts come back to them." Hapo umelichukua wazo ukaligeuza upande, na bado unamtaja mwenyewe.

Sasa itazame "tend to" ya sentensi ya kwanza. Wengi wetu tunaiangusha tukifasiri, tunaandika "students revise more deeply", na kwa kuangusha maneno mawili hayo tumemsingizia mtafiti dai ambalo hakulitoa. Alisema mara nyingi, sisi tukamsemesha siku zote. Kiswahili kina "huenda", "inaelekea", "yaonekana", kwa hiyo si kwamba wazo ni geni kwetu. Kinachotuponza ni mazoea ya insha za mtihani, ambako msimamo mkali hulipa. Anayetoka huko akiambiwa abadilishe "this proves" iwe "this suggests" anaona anafundishwa woga. Inachukua wiki kadhaa kuelewa kwamba ni vipimo: ushahidi wako ni wa watu 30 wa darasa moja, basi kitenzi chako kisizidi hapo.

Kozi hizi pia hufundisha umbo la makala. John Swales, mtafiti wa uandishi wa kitaaluma, alieleza katika kazi yake ya mwaka 1990 jinsi utangulizi wa makala za utafiti unavyokwenda kwa hatua tatu: unaonyesha uwanja ulio hai, unaonyesha pengo ndani yake, kisha unaingia kwenye pengo hilo. Ukishaijua, huwezi tena kusoma utangulizi bila kuiona. Neno "however" katikati ya ukurasa wa kwanza, mara nyingi pengo liko hapo.

Msamiati nao una ugomvi wake, na ugomvi huo unakuhusu ukichagua kozi. Mwaka 2000 mtafiti wa msamiati Averil Coxhead alitoa orodha ya familia 570 za maneno (familia ni neno pamoja na maumbo yake, kama "analyse" na "analysis") yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali, nje ya yale maneno 2,000 hivi ya kawaida yaliyokwisha kuorodheshwa na Michael West mwaka 1953. Familia hizo 570 zilibeba karibu asilimia 10 ya maneno katika maandishi aliyoyachunguza, na katika hadithi za kubuni asilimia 1.4 tu. Ni orodha ndogo yenye faida kubwa, na ndiyo sababu kozi nyingi za jumla zimejengwa juu yake. Lakini watafiti wengine wawili, Ken Hyland na Polly Tse, walihoji mwaka 2007: je, neno lilelile lina kazi ileile kila mahali? Chukua "volume": kwa mwanakemia ni ujazo, kwa anayepanga majarida ni juzuu. Au "culture": mwanasosholojia anaona watu, mwanabiolojia anaona vijidudu vilivyooteshwa kwenye kisahani. Ukijifunza maana moja kwenye orodha, unaweza kuingia maabara ukiwa umeshika ufunguo wa mlango mwingine.

Kwa hiyo kozi ya jumla au ya fani? Anayeanza shahada ya kwanza, ambaye huenda hata hajaamua vizuri anasoma nini, ya jumla inamtosha. Wa uzamili asikubali kupoteza wiki kumi kwenye vifungu kuhusu utalii na mabadiliko ya tabianchi kama anakwenda kusoma uhandisi. Hata namna ya kuandika marejeo haifanani: saikolojia na elimu hutumia sana mtindo wa APA, fasihi na lugha MLA, tiba Vancouver wenye namba, uhandisi wa umeme IEEE. Mdogo wangu anakwenda kusomea afya ya jamii, na kozi ya kwanza aliyoipenda ilikuwa inafundisha MLA pekee. Si dhambi, ila ilituonyesha walikuwa wanamfikiria mwanafunzi gani.

Na tahadhari: jina "kitaaluma" halina hatimiliki. Nimeona kozi za Kiingereza cha kawaida zilizotiwa maneno marefu zikauzwa kwa jina hilo. Kama mtaala wote ni sarufi, matamshi na "maneno ya kumvutia mhadhiri", kimbia.

Kujisomea: nafuu ya fedha, ghali ya nidhamu

Njia hii huwa inadharauliwa na walimu na kusifiwa kupita kiasi na watu waliokwisha kufaulu. Mimi naipa nafasi kubwa upande wa kusoma, ndogo upande wa kuandika.

Upande wa kusoma, hakuna kozi itakayokusomea. Paul Nation, mtafiti wa msamiati, alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma maandishi ya kawaida ya Kiingereza bila msaada kunahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Hakuna darasa la wiki kumi linalofikisha hapo, unafika kwa kusoma kila siku. Nilichokifanya, na nikampa mdogo wangu, ni hiki: chukua makala tano za fani yako, za miaka ya karibuni. Usisome zote mpaka mwisho. Soma ikisiri (muhtasari wa mwanzo, "abstract") na utangulizi tu, na kwa kalamu tatu za rangi uweke alama uwanja, pengo na namna mwandishi anavyoingia. Kwenye daftari nakili fungu zima linalofanya kazi, siyo neno moja: siyo "evidence" bali "there is little evidence that", siyo "role" bali "plays a central role in". Neno pekee yake litakaa kichwani likiwa yatima, hujui linaoana na nani.

Kwa mifano ya kazi za wanafunzi wenyewe, Chuo Kikuu cha Michigan kilikusanya karibu kazi 830 zilizopata alama ya juu, za fani mbalimbali, na kuziweka wazi mtandaoni kwa jina la MICUSP. Hii naipenda kuliko makala za maprofesa, kwa sababu unaona kiwango unachotakiwa kufika mwaka huu, badala ya kile cha mtu aliyeandika kwa miaka thelathini.

Upande wa kuandika ndipo njia hii inapovuja. Makosa yako yana tabia ya kujificha kwa sababu yamefanana na lugha yako. Kiswahili hakina "a" wala "the", na jicho letu halizitafuti. Miaka miwili niliandika "in the society" kila nilipotaka kusema "katika jamii", na hakuna kitabu kilichonishtua. Mwenye lugha anaposikia "the society" anauliza, ipi? Chama fulani? Kwa jamii kwa ujumla anasema "in society", wazi, bila kitu mbele yake. Aliyeniambia ni mwanafunzi mwenzangu, kwa dakika moja.

Leo wengi huweka akili mnemba mahali pa huyo mwenzangu. Kwa kukuonyesha "the" iliyokosekana, na kwa kukueleza kwa nini, inasaidia kweli. Ukiiachia ikuandikie upya aya nzima, unapata aya nzuri na mkono uleule dhaifu. Ukiiomba marejeo, inaweza kukuletea makala zisizokuwepo duniani, zikiwa na mwaka na kurasa. Vyuo navyo vina kanuni zao juu ya matumizi hayo, na hazifanani hata kati ya idara na idara.

Msaada ukiwa tayari chuoni

Hapa nitakuwa mfupi. Vyuo vingi vina kituo cha uandishi au madarasa yanayokwenda sambamba na muhula, na mara nyingi hulipii zaidi. Uzuri wake ni kwamba unaleta kazi yako halisi, ya fani yako, yenye swali la mhadhiri wako. Ubaya wake ni saa: nafasi hujaa wiki ileile ambayo kila mtu ana kazi ya kukabidhi, na ukifika na rasimu saa ishirini na nne kabla ya mwisho utasaidiwa kwa kusikitikiwa. Vituo vingi pia havikusahihishii makosa, wanakuuliza maswali mpaka uyaone mwenyewe. Mara ya kwanza nilikasirika. Nilirudi mara kumi na moja.

Sasa wewe uko wapi?

Kama hujapata alama inayotakiwa na tarehe ya mwisho iko wiki sita mbele, nenda kozi ya mtihani, wala usione haya. Mlango ukiwa umefungwa hakuna haja ya kupanga samani. Lakini mtihani ukipita, zile wiki zinazobaki kabla ya masomo usizilale. Zitumie kwenye makala tano na kalamu tatu.

Kama alama umepungukiwa kidogo, uliza chuo kama kina kozi ya kabla ya muhula ambayo ukiifaulu hutakiwi kurudia mtihani. Baadhi ya vyuo huruhusu hivyo, kwa masharti yao. Kati ya kulipia mtihani mara ya tatu na kulipia kozi ya namna hiyo, mimi ningekwenda kwenye kozi bila kufikiri mara mbili, hata ikiwa ghali zaidi, kwa sababu inakupa kile utakachokihitaji mwezi wa pili wa masomo.

Mwenye alama ya kutosha na muda wa miezi minne au zaidi ndiye mwenye uchaguzi mgumu, maana anajiona hahitaji kitu. Huyo alikuwa mimi. Ajisomee kwa kusoma, na kwa kuandika atafute mtu yeyote atakayemrudishia rasimu: kozi fupi, mwalimu wa masomo ya ziada, hata mwanafunzi wa mwaka wa juu wa fani yake. Wa sayansi, ambaye ataandika zaidi ripoti za maabara kuliko insha, anaweza kuvumilia kusubiri msaada wa chuoni. Wa sheria, historia au elimu asisubiri.

Mdogo wangu alikuwa na alama ya kutosha na miezi mitano. Tuliorodhesha kozi tatu, nami nikapiga simu nikiwa na maswali mawili tu. La kwanza: mwanafunzi anaandika kazi ngapi zenye marejeo? Kituo kimoja kilijibu kwa fahari kwamba kwao ni insha moja kila wiki. La pili: ikisharudi na maoni ya mwalimu, anaiandika upya? Mama aliyepokea simu akanyamaza kidogo, nikasikia karatasi zikifunuliwa. "Hapana, dada," akasema, "wiki inayofuata tunaingia mada mpya." Nikamshukuru, nikageukia namba ya pili.